Kuanza Utafiti wa Haradali: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua, Kutoka Punje hadi Jedwali la Matokeo

Haradali ni mmea unaomvumilia mtafiti anayeanza. Huota upesi, hauhitaji nafasi kubwa, hutoa mbegu nyingi, na ndugu yake mdogo, Arabidopsis thaliana, ndiye mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake nzima (DNA yake yote), mwaka 2000. Pamoja na wema huo wote, majaribio mengi ya haradali huishia na namba zisizo na maana. Sababu mara nyingi ni ileile: mtu amepima bila kuwa na hakika ni haradali ipi aliyonayo, ni kizazi kipi kilicho mbele yake, au ni sehemu ipi ya mmea inayompa jibu. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi, mwalimu wa sayansi au mtafiti chipukizi, na kila hatua inarudi kwenye maswali hayo matatu kwa namna yake.

Hatua ya 1: Itambue haradali yako kabla ya kuipanda

Jina haradali limebeba mimea kadhaa. Haradali ya kahawia ni Brassica juncea, inayolimwa kwa mafuta, viungo na majani. Nyeusi ni Brassica nigra. Nyeupe, ambayo punje zake kwa kweli ni za manjano hafifu, ni Sinapis alba, na hiyo haimo hata katika jenasi moja na hizo mbili. Halafu kuna Brassica carinata, haradali ya Ethiopia. Pakiti iliyoandikwa "mbegu za haradali" bila jina la kisayansi na jina la aina haijakueleza chochote.

Anza na mizani na kioo cha kukuzia. Punje 1,000 za haradali nyeupe huwa na uzito wa gramu 5 hadi 8 hivi. Za kahawia ni kama gramu 2 hadi 4. Za nyeusi ni nyepesi zaidi. Mmea ukishakomaa, angalia maganda. Ya haradali nyeupe yana nywele ngumu na mdomo mrefu bapa mwishoni. Ya nyeusi ni mafupi, laini, na yamesimama yakishikamana na shina. Katika haradali ya kahawia, majani ya juu yana kikonyo au hupungua taratibu kuelekea shina bila kulikumbatia, tofauti na Brassica rapa ambayo majani yake ya juu hulizunguka shina kabisa.

Hapo kwenye kioo, tafuta pia punje ngeni. Mbegu za Argemone mexicana, mmea wa miiba wenye maua ya manjano, hufanana sana na haradali nyeusi, ila zina mistari ya wavu iliyochongeka na ncha ndogo. Mafuta yake yana sanguinarini, sumu inayosababisha mwili kuvimba na moyo kushindwa kazi. Mwaka 1998 mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mbegu hizo yaliua watu mjini Delhi. Ikiwa utafiti wako unahusu chakula au mafuta, uchambuzi huu wa punje ni wa lazima.

Sasa hesabu ya kromosomu, kwa kuwa ndiyo inayoamua nani anaweza kuzaa na nani. Mwaka 1935 mtafiti Nagaharu U alionyesha kwamba mimea sita ya jenasi Brassica ni familia ya wazazi watatu na watoto watatu. Wazazi ni B. rapa yenye kromosomu 10 katika seti moja (jenomu A), B. nigra yenye 8 (jenomu B), na B. oleracea yenye 9 (jenomu C), ambayo ndiyo kabichi na brokoli. Haradali ya kahawia ilitokana na muungano wa A na B, hivyo ina 18. Haradali ya Ethiopia ni B na C, kromosomu 17. Mtoto wa tatu, B. napus, ni A na C, kromosomu 19. Haradali nyeupe ina 12 na iko nje kabisa ya familia hiyo ya mimea sita. Kwa hiyo usishangae ukivusha chavua kutoka haradali nyeusi kwenda nyeupe usipate kitu, au ukivusha nyeusi na kahawia ukapata chotara anayechanua vizuri lakini hazai ipasavyo: kromosomu za A hukosa wenza wa kujipanga nao.

Hatua ya 2: Chagua swali linalohesabika

"Nataka kuchunguza magonjwa ya haradali" si swali. "Je, aina hii hupata malengelenge machache ya kutu nyeupe kuliko ile, zikiambukizwa kwa kipimo kilekile cha spora (chembe za uzazi za kimelea)?" ni swali, kwa sababu unajua tangu sasa utakachohesabu. Liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na jibu unalolitarajia. Kuandika matarajio mapema kunakuzuia usibadilishe hadithi baada ya kuyaona matokeo.

Muda nao uamue mapema. Kama una wiki chache tu, fikiria B. rapa za mzunguko wa haraka, zilizozalishwa na Paul Williams katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison. Hutoa maua baada ya wiki mbili hivi na mbegu zilizokomaa kati ya siku 35 na 40 zikiwa chini ya taa. Si haradali kamili, lakini zina jenomu A ileile iliyomo ndani ya haradali ya kahawia, na kwa somo la urithi sioni mmea unaozishinda. Haradali ya kahawia yenyewe huchukua miezi mitatu hadi minne na zaidi, kutegemea aina na joto.

Kisha panga marudio. Kosa ninaloliona mara nyingi katika ripoti za wanaoanza ni kuhesabu mimea kumi iliyo ndani ya chungu kimoja kama marudio kumi. Mimea hiyo inagawana udongo mmoja, maji mamoja na kivuli kimoja. Chungu kizima ni rudio moja. Weka angalau marudio manne ya kila unachokilinganisha, na nafasi ya kila chungu ipatikane kwa kura. Usipange kwa jicho. Jicho hupeleka mimea inayopendwa penye mwanga mzuri bila mwenye jicho kujua.

Hatua ya 3: Otesha

Hapa hakuna mengi. Pima kwanza uotaji: punje 100 katika makundi manne ya 25, juu ya karatasi yenye unyevu, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25. Nyingi zitapasua ngozi ndani ya siku tano. Chini ya asilimia 80, tafuta mbegu nyingine. Panda kina cha sentimita 1 hadi 2 na upunguze miche mapema. Usitumie udongo uliotoka shamba lenye historia ya kabichi, kwa sababu utakayoiona katika Hatua ya 7.

Hatua ya 4: Vusha chavua kwa mkono

Ua la haradali lina petali nne zilizopangwa msalaba na stameni sita, yaani viungo vya kiume vyenye chavua: nne ndefu, mbili fupi. Hizo mbili fupi ndizo zinazosahaulika wakati wa kuzing'oa, na mbegu zote zikageuka kuwa za mama mwenyewe.

Chagua tumba, yaani ua ambalo halijafunguka, litakalofunguka kesho; ncha ya manjano ya petali iwe imeanza tu kuchungulia. Ondoa maua yote yaliyokwisha kufunguka kwenye tawi hilo, pamoja na matumba machanga ya juu kabisa. Safisha kibano kwa alkoholi ya asilimia 70 na ukiache kikauke. Fungua tumba taratibu, ng'oa stameni zote sita, kisha kagua kwa kioo kama kuna mfuko wa chavua uliopasuka. Ukiona vumbi la manjano kwenye stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, tupa tumba hilo bila huruma. Chukua ua lililofunguka leo kutoka kwa baba, gusisha stameni zake kwenye stigma ya mama, funika tawi kwa mfuko wa karatasi, na ufunge kibandiko chenye jina la mama kwanza, kisha baba, kisha tarehe. Mfuko uondolewe baada ya wiki moja hivi, maganda yakianza kurefuka, ili unyevu usilete ukungu.

Haradali ya kahawia hujichavusha yenyewe bila shida, ingawa nyuki huleta chavua ya nje kiasi cha kuharibu usafi wa aina yako ukiacha tawi wazi. Haradali nyeusi na nyeupe ni habari nyingine: kwa kawaida huikataa chavua yao wenyewe. Stigma ina protini inayoitambua protini ya chavua, na zikiwa za kundi moja, mlango hufungwa. Ukitaka kuzilazimisha zijichavushe, vusha chavua kwenye tumba changa, siku mbili tatu kabla ya kufunguka, wakati stigma haijaanza kulinda mlango. Ni kazi ya mkono mtulivu, lakini hufanya kazi.

Hatua ya 5: Hesabu kizazi kilicho sahihi

Hatua hii isome polepole. Punje ya haradali ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja: ngozi ya nje, ambayo ni tishu ya mama, na kiinitete cha ndani, ambacho ni mtoto. Sifa unayoipima ikiwa ya ngozi, unamsoma mama. Ikiwa ya kiinitete, unamsoma mtoto. Usipotenganisha haya mawili, utakuwa umekosea kizazi kizima.

Chukua rangi ya punje katika haradali ya kahawia. Kuna aina za punje za manjano na za kahawia, na tofauti hiyo hutokana na jeni mbili zinazofanya kazi moja, nakala moja katika jenomu A na nyingine katika jenomu B. Punje huwa ya manjano pale tu nakala zote za jeni zote mbili zinapokuwa zimeharibika. Ukivusha mama wa manjano na baba wa kahawia, punje utakazovuna kwenye mmea wa mama zitakuwa na ngozi ya manjano, kwa sababu ngozi ni ya mama. Usiseme uvushaji umeshindikana. Panda punje hizo. Mimea yake, kizazi cha F1 (watoto wa uvushaji), itazaa punje za kahawia zote, na ndani ya punje hizo kuna viinitete vya F2 (wajukuu). Panda tena. Punje zitakazovunwa kwenye mimea ya F2, kila mmea mfuko wake, ndizo zitakazogawanyika kwa rangi: mimea 15 ya kahawia kwa mmea 1 wa manjano, ikiwa baba alikuwa na jeni zote mbili zilizo hai. Akiwa na moja tu, uwiano utakuwa 3 kwa 1.

Sasa linganisha na asidi ya erusiki, moja ya asidi zinazounda mafuta ya punje. Hiyo hutengenezwa na kiinitete chenyewe, kwa hiyo punje zilizo kwenye mmea mmoja wa F1 tayari zinatofautiana, punje kwa punje. Ndiyo maana R. K. Downey na B. L. Harvey waliweza mwaka 1963 kuonyesha mbinu ya nusu punje: unakata kipande cha kotiledoni moja (jani la kwanza lililo ndani ya punje), unakipima mafuta yake, halafu unaipanda sehemu iliyobaki na mzizi wake. Unajua ubora wa mmea kabla haujaota. Kwa glukosinoleti, kemikali za ukali, mbinu hiyo haisaidii, kwa kuwa kiasi kinachowekwa kwenye punje huamuliwa na mama. Sifa tatu zinaweza kuwa katika punje moja, na mbili kati yake zinamsema mama huku moja ikimsema mtoto.

Idadi ya mimea nayo ina hesabu yake. Kama mmea mmoja kati ya 16 ndio unaoutafuta, ukipanda 16 kuna uwezekano wa zaidi ya theluthi moja usiuone. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuupata angalau mmoja, unahitaji mimea 47. Kwa asilimia 99, mimea 72.

Tuseme umevuna mimea 96 ya F2, kati yake 89 ina punje za kahawia na 7 za manjano. Kwa uwiano wa 15 kwa 1 ungetarajia 90 na 6. Kokotoa kai mraba, kipimo cha umbali kati ya ulichotarajia na ulichopata: tofauti ya 1 ikipigwa kipeo cha pili na kugawanywa kwa 90, jumlisha 1 kugawanywa kwa 6, unapata 0.18. Kiwango cha kukataa ni 3.84, kwa hiyo data yako haipingani na jeni mbili. Jaribu sasa uwiano wa 3 kwa 1, yaani 72 na 24. Tofauti ni 17, na kai mraba inafika 16.06. Jeni moja inakataliwa waziwazi. Fanya majaribio yote mawili kila mara. Kuonyesha kwamba wazo lako linafaa bila kuonyesha kwamba mpinzani wake halifai ni nusu ya kazi.

Hatua ya 6: Toa DNA, kama una maabara

Tumia majani machanga kabisa, miligramu 100 hivi. Yaliyozeeka yana sukari nzito na fenoli zinazoifanya DNA iwe ute wa kahawia. Saga kwa naitrojeni ya majimaji, ongeza mchanganyiko wa CTAB (kemikali kama sabuni inayopasua seli) ulio kwenye nyuzi 65, acha nusu saa, tenganisha kwa klorofomu ndani ya chumba cha kuvuta hewa, kisha ishushe DNA kwa isopropanoli baridi na uioshe kwa ethanoli ya asilimia 70. Uwiano wa usomaji wa nanomita 260 kwa 280 ukikaribia 1.8, DNA ni safi vya kutosha kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi.

Tahadhari iliyo muhimu kuliko hatua hizo ni hii. Mababu wa Brassica walipata jenomu yao kujirudia mara tatu baada ya kutengana na ukoo wa Arabidopsis. Jeni moja unayoisoma kwa Arabidopsis inaweza kuwa na nakala hadi tatu katika B. rapa, na haradali ya kahawia, yenye jenomu mbili, ikawa na hadi sita. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) ulizozinakili kutoka kwenye utafiti wa Arabidopsis zinaweza kushika nakala kadhaa kwa pamoja na kukupa mstari mmoja mzuri kwenye jeli usio na maana yoyote. Jenomu ya haradali ya kahawia ilichapishwa mwaka 2016. Tafuta humo nakala zote kwanza, kisha unda praima mahali zinapotofautiana. Weka pia DNA ya B. rapa na ya B. nigra kwenye jeli hiyohiyo. Mstari unaotokea kwa rapa peke yake ni wa jenomu A.

Hatua ya 7: Magonjwa: tambua, ambukiza, pima

Anza kwa kutazama, na utazame pande zote mbili za jani.

Kutu nyeupe, Albugo candida, hutoa malengelenge meupe kama kauri upande wa chini, na doa la manjano juu yake. Ikivamia shina la maua, hulifanya livimbe na kupinda, maua yakawa ya kijani yasiyozaa. Ubwiri vinyoya, wa jamii ya Hyaloperonospora, nao hukaa chini ya jani, lakini ni manyoya ya kijivu badala ya lengelenge, na mara nyingi huishi pamoja na kutu nyeupe kwenye shina hilohilo lililovimba. Ubwiri unga, Erysiphe cruciferarum, ni vumbi jeupe lililo zaidi upande wa juu. Madoa ya Alternaria brassicae ni ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara. Bakteria Xanthomonas campestris huingia kwenye ukingo wa jani na kuacha pembetatu ya manjano yenye vena nyeusi. Shina likiwa na pamba nyeupe, lipasue: chembe nyeusi ngumu ndani yake ni Sclerotinia sclerotiorum. Majani yenye mabaka ya kijani kilichokolea na kilichofifia, huku mmea ukidumaa, huenda yana virusi vya mozeki vilivyoletwa na vidukari.

Mmea unaonyauka mchana bila dalili yoyote kwenye majani, ung'oe. Mizizi iliyovimba kama rungu ni kazi ya Plasmodiophora brassicae. Huyu si kuvu, na spora zake hukaa udongoni kwa miaka mingi, hata zaidi ya kumi. Anapenda udongo wenye asidi. Kuupandisha kwa chokaa hadi pH 7.2 au zaidi humpunguza ila hakumwondoi. Hii ndiyo sababu ya onyo la Hatua ya 3. Viatu, majembe na vyungu vilivyogusa udongo huo havitakiwi kuingia eneo jingine kabla ya kusafishwa.

Kwa jaribio la kuambukiza ninapendekeza kutu nyeupe, kwa sababu malengelenge yake yanahesabika kwa macho. Ila ujue jambo moja: Albugo haiwezi kuoteshwa kwenye agari, ute wa maabara wa kukuzia vimelea. Inaishi juu ya mmea ulio hai tu, kwa hiyo lazima uitunze kwenye miche, ukihamisha kutoka mche hadi mche. Na ina makundi yanayochagua mwenyeji: kundi la 2 linajulikana kwa haradali ya kahawia, la 7 kwa B. rapa. Ukichukua spora kutoka mmea wa rapa na haradali yako isiugue, hujagundua haradali sugu. Umechukua kundi lisilo lake.

Otesha miche hadi siku saba hivi, kotiledoni zikiwa zimefunguka vizuri. Kwangua spora kutoka kwenye malengelenge mabichi, ziweke kwenye maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa, nyuzi 12 hadi 15, kwa saa mbili hadi nne. Chini ya hadubini utaona vifuko vikitoa spora ndogo zinazoogelea. Maji yakiwa ya joto, hazitoki. Hesabu kwa kioo cha kuhesabia seli na usawazishe kufikia spora 50,000 hivi kwa mililita. Dondosha maikrolita 10 kwenye kila nusu ya kotiledoni. Funika miche kwa plastiki kwa siku moja hadi mbili ili unyevu udumu, kisha iweke penye nyuzi 18 hadi 20. Pima baada ya siku 7 hadi 10.

Weka makundi mawili ya kulinganisha. Moja hudondoshewa maji matupu. Jingine ni aina inayojulikana kuwa dhaifu, na hili ndilo wengi huliacha. Bila hilo huna njia ya kutofautisha mimea sugu na spora zilizokufa.

Ukali wa ugonjwa upime kwa ngazi 0, 1, 3, 5, 7 na 9, ambapo 0 ni kotiledoni safi na 9 ni iliyofunikwa na malengelenge. Tuseme una mimea 20: minne kwenye 0, sita kwenye 1, mitano kwenye 3, mitatu kwenye 5 na miwili kwenye 7. Zidisha idadi kwa ngazi na ujumlishe: 0 + 6 + 15 + 15 + 14 = 50. Gawanya kwa 20 × 9, yaani 180, kisha zidisha kwa 100. Kielelezo cha ugonjwa ni asilimia 27.8. Anayepima asijue chungu kipi ni cha aina ipi; bandika namba tu, na orodha ya majina ikae kwa mtu mwingine.

Mche unaoshinda kwenye kotiledoni unaweza kushindwa ukiwa mkubwa, na kinyume chake. Usiandike "aina sugu"; andika "sugu kwenye kotiledoni dhidi ya kundi hili." Tofauti hiyo ya maneno machache ndiyo inayomfanya mtafiti mwingine aweze kuitumia kazi yako. Kwa anayetaka kuingia ndani zaidi, soma kuhusu jeni WRR4 ya Arabidopsis, ambayo ilipohamishiwa kwenye haradali ya kahawia iliipa kinga dhidi ya kutu nyeupe. Uhamishaji wa jeni wa namna hiyo una sheria zake karibu kila nchi, na kibali hutafutwa kabla ya punje ya kwanza kuguswa. Chotara ya India iitwayo DMH-11, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Delhi kwa jeni za bakteria zinazozima na kuwasha uzazi wa kiume, ilipata kibali cha kimazingira mwaka 2022 na bado mwaka 2024 majaji wawili wa Mahakama ya Juu walitofautiana juu yake.

Hatua ya 8: Pima ukali na mafuta

Punje nzima ya haradali haina harufu kali. Ukali haumo ndani yake. Hutengenezwa pale inaposagwa. Glukosinoleti hukaa mahali pake, na kimeng'enya mirosinesi mahali pengine, na maji pamoja na kusagwa huvikutanisha. Katika haradali nyeusi na ya kahawia, glukosinoleti kuu ni sinigrini, na zao lake ni tete: linapanda puani na kutoa machozi. Katika nyeupe ni sinalbini, ambayo zao lake halipai, hivyo unalisikia ulimini tu. Saga punje penye hewa, na usisogeze uso juu ya kinu.

Jaribio lisilohitaji mashine ni hili. Kila molekuli ya glukosinoleti inapovunjwa na mirosinesi hutoa molekuli moja ya glukosi. Saga gramu moja ya punje katika mililita 5 za maji vuguvugu, subiri dakika kumi, chovya kijiti cha kupimia glukosi, na usome rangi. Fanya vivyo hivyo kwa punje zilizochemshwa nzima kwa dakika kumi kabla ya kusagwa: joto limeua mirosinesi, na glukosi utakayoiona hapo ni ile iliyokuwamo tangu mwanzo. Tofauti ya visomo viwili ndiyo jibu lako. Vijiti hivi viliwahi kutumika na wazalishaji wa mbegu kuchuja mimea yenye glukosinoleti nyingi. Kwa namba za kuchapishwa, utahitaji HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizo katika kimiminika, kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 9167.

Asidi ya erusiki inahitaji kromatografia ya gesi. Katika aina nyingi za kienyeji za haradali ya kahawia hufika asilimia 40 na zaidi ya mafuta. Umoja wa Ulaya unaruhusu gramu 20 kwa kilo katika mafuta ya mimea ya kupikia na gramu 50 katika mafuta ya haradali, kwa kuwa wanyama waliolishwa kwa wingi walionyesha mafuta kujikusanya kwenye misuli ya moyo. Viwanda, kinyume chake, huitaka kwa vilainishi. Kwa hiyo "ubora wa mafuta" usiuandike bila kusema ni ubora kwa kazi gani. Mafuta ya haradali ya Ethiopia, ambayo hayafai meza, yaliendesha ndege ya utafiti ya Kanada mwaka 2012 yakiwa yamegeuzwa kuwa mafuta ya ndege bila kuchanganywa na ya petroli.

Ukitaka kujaribu haradali kama dawa ya udongo, katakata mimea ikiwa kwenye maua, vipande vidogo kadiri uwezavyo, ifukie saa hiyohiyo na umwagilie. Ikikaa juu hata nusu siku, ile gesi ya ukali imekwenda. Na kama mmea wako umeoteshwa kwenye udongo wenye risasi au kadimi, kumbuka kwamba haradali ya kahawia huvuta metali hizo hadi kwenye majani. Mabaki yake ni taka ya sumu, hayaliwi na hayafanywi mboji.

Hatua ya 9: Funga jaribio

Mimea iliyougua ichemshwe kwenye otoklevu, chombo cha mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121, dakika 20, pamoja na udongo wake. Mbegu nzima zikaushwe hadi unyevu wa asilimia 6 hivi, zitiwe kwenye bahasha za karatasi, na bahasha ziwekwe ndani ya chupa iliyofungwa vizuri kwenye jokofu. Juu ya kila bahasha andika jina la kisayansi, jina la aina, namba ya mmea mama, baba kama alikuwapo, tarehe ya kuvuna, na kizazi. Kizazi kiandikwe mara mbili: cha ngozi na cha kiinitete. Bahasha ya punje za kahawia kutoka kwenye mmea wa F1 iandikwe "ngozi F1, kiinitete F2."